Kugawa Muda Kwenye Mtihani wa GRE: Mwongozo Kamili kwa Mtahiniwa wa Mombasa

Wengi wanaoishiwa na muda kwenye GRE, mtihani wa kompyuta wa kuombea masomo ya juu baada ya digrii ya kwanza, hasa Marekani, si wazito wa kusoma wala wa kuhesabu. Wanaangushwa na maswali mawili matatu waliyokataa kuyaacha. Chukua sehemu ya kwanza ya lugha: maswali 12, dakika 18. Ukiyang'ang'ania mawili kwa dakika nne nne, nane zimekwenda. Kumi yaliyosalia utayakimbiza kwa dakika moja moja, na ndani yake huenda mlikuwa na matano au sita ambayo ungeyapata bila jasho. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kuacha: uache lini, uache vipi, na ufanye mazoezi gani ili mkono uweze kuacha hata roho ikikataa.

Kwanza hakikisha unauhitaji

Idara nyingi za vyuo vya Marekani zimeondoa sharti la GRE miaka ya karibuni, na nyingine zinasema ni hiari. Soma ukurasa wa idara yenyewe unayoiomba, si wa chuo kwa jumla, kwa sababu idara mbili za chuo kimoja zinaweza kutofautiana kabisa. Kama idara yako haiutaki, ada ya mtihani na miezi ya kujiandaa vipeleke kwenye barua ya maombi na kwa watakaokuandikia barua za kukupendekeza. Hakuna mbinu ya kuokoa muda inayoizidi hiyo.

Anayeomba MBA, shahada ya uzamili ya biashara, ana chaguo, maana shule nyingi za biashara hupokea GRE au GMAT, mtihani uliotungwa kwa ajili ya shule hizo. Muda wa mitihani hii miwili haugawanywi kwa namna moja. GMAT nimeiweka karibu na mwisho.

Saa ilivyogawanywa

Tangu Septemba 2023 GRE imekuwa fupi: saa moja na dakika 58, bila mapumziko yaliyopangwa. Vitabu vya zamani, vile unavyovikuta kwa wauza mitumba au unavyorithi kwa kaka aliyefanya miaka ya nyuma, bado vinazungumzia mtihani wa karibu saa nne. Maswali yake yanafaa kwa mazoezi. Hesabu zake za muda usizifuate.

Insha huja kwanza, dakika 30. Baada yake zinafuata sehemu nne kwa mpangilio wowote. Kwenye skrini zimeandikwa Verbal na Quantitative. Hapa nitaziita Lugha na Hesabu.

- Lugha ya kwanza: maswali 12, dakika 18
- Lugha ya pili: maswali 15, dakika 23
- Hesabu ya kwanza: maswali 12, dakika 21
- Hesabu ya pili: maswali 15, dakika 26

Ukigawanya, swali la Lugha lina kama sekunde 90 na la Hesabu kama sekunde 105. Huo ni wastani tu. Kuna swali litakalokwisha kwa sekunde 30, na lipo litakalostahili dakika mbili na nusu. Mtu anayejaribu kulipa kila swali sekunde 90 sawasawa atayaharakisha magumu na kuzembea kwenye mepesi.

Kuna kanuni nne ambazo lazima zikae kichwani kabla ya kupanga lolote. Ndani ya sehemu moja, kila swali lina uzito sawa, liwe jepesi au la kukunja uso. Jibu lisilo sahihi halikati alama. Unaweza kuruka swali, ukaliwekea alama kwa kitufe cha Mark, ukalirudia kupitia ukurasa wa Review, mradi sehemu haijafungwa. Ikishafungwa huwezi kurudi tena, na dakika ulizobakisha hazihamii sehemu inayofuata. Mwisho, ugumu wa sehemu ya pili ya Lugha, na vivyo hivyo ya Hesabu, hutegemea ulivyofanya sehemu ya kwanza.

Hii ya nne ndiyo inayowavuruga watu. Wakisikia kwamba sehemu ya kwanza ndiyo inayoamua, wanaligandia kila swali kama vile ni la mwisho duniani. Lakini kompyuta inaangalia jumla ya sehemu nzima. Aliyeacha maswali mawili magumu na kupata tisa kati ya kumi yaliyobaki yuko mbele ya yule aliyeyapata hayo mawili kisha akakimbilia manne ya mwisho bila kuyasoma.

Tabia za KCSE zitakazokugharimu

Tuliosoma shule za Kenya tumefundishwa kuonyesha njia. Kwenye karatasi ya hesabu ya KCSE, ukikosea jibu la mwisho bado unaokota alama za hatua, na mwalimu hakuchoka kutuambia tusiache swali tupu wala turuke mstari. Chuoni tukakuta swali la kwanza la lazima lenye alama 30 na mengine ya alama 20, tukazoea kupima muda kwa alama: swali kubwa, dakika nyingi.

GRE haina alama za njia. Haioni karatasi yako ya kukokotolea. Ukifika hatua ya tano kati ya sita umepata sifuri, sawa na aliyebahatisha akakosa. Na kwa kuwa kila swali lina uzito uleule, ule ugumu unaokufanya uone swali ni la heshima hauongezi hata chembe kwenye hesabu yako. Dereva wa matatu anajua jambo hili kuliko sisi: akimsubiri abiria mmoja Kengeleni kwa dakika tano, wenzake wanamzolea wale kumi wa Buxton.

Nalitilia mkazo kwa sababu nimeona mara nyingi wanaosumbuka na muda ni wale waliokuwa wazuri darasani. Wamezoea kwamba swali likikaliwa vya kutosha hukubali. Na kweli hukubali, ila bei yake ni maswali mengine matatu.

Hatua ya 1: jipime, kisha andika daftari la muda

ETS, wenye mtihani, wanatoa bure majaribio mawili kamili yanayoitwa POWERPREP Online. Fungua akaunti kwao, ufanye moja mwanzoni kabisa, kwa saa kamili, bila kusimamisha. Usilihifadhi eti mpaka uwe tayari. La pili liweke mpaka wiki mbili kabla ya mtihani.

Baada ya hapo nunua daftari la kawaida. Kila unapofanya mazoezi, andika kwa kila swali: aina yake, sekunde ulizotumia, umepata au umekosa. Saa ya simu yenye kitufe cha mzunguko inatosha. Ukishakuwa na maswali sitini hivi, yagawe mafungu manne.

Yaliyokwenda haraka ukayapata, yaache yalivyo. Yaliyokwenda haraka ukayakosa yanaonyesha kwamba husomi swali vizuri: umejibu x wakati wameuliza 2x, au hukuona neno linalogeuza maana. Hapo dawa ni kupunguza mwendo kidogo, wala usione haya. Uliyoyapata kwa kuchelewa yanahitaji njia fupi zaidi; rudia swali hilo hilo kesho yake ukitafuta namna ya kulimaliza kwa nusu ya muda.

Fungu la nne ndilo la kukaa nalo: uliyochelewa na bado ukayakosa. Jumlisha dakika zake. Watu hushtuka hapa. Hizo ni dakika ulizotoa bila kupata chochote, na kama ungebahatisha sekunde ya 20 matokeo yangekuwa yaleyale. Angalia ni aina gani za maswali zinajirudia humo, uziandike kwenye jalada la daftari. Hizo ndizo aina utakazoziacha bila majadiliano siku ya mtihani, isipokuwa umezifanyia kazi zikatoka kwenye fungu hilo.

Hatua ya 2: zoezi la dakika moja

Hili ndilo zoezi ninalolithamini kuliko yote. Weka kengele ya simu ilie kila baada ya sekunde 60. Anza swali. Kengele ikilia, sema kwa sauti: "Naendelea" au "Naacha." Unaruhusiwa kuendelea ikiwa tu unaweza kutaja hatua inayofuata. Si "nadhani naona kitu", si "ngoja kidogo". Hatua yenyewe: naweka namba mbili hapa, nazidisha pande zote, natafuta kwenye aya ya kwanza anakopinga hoja.

Ukikosa hatua ya kutaja, fanya mambo matatu papo hapo: chagua jibu lolote lililobaki baada ya kuondoa yaliyo wazi kuwa si yenyewe, bonyeza Mark, nenda mbele. Chagua jibu hata kama unapanga kurudi. Kuna siku hutarudi, na swali tupu ni bahati uliyoitupa bure.

Siku za mwanzo utahisi vibaya. Utaacha swali, na ukiangalia majibu utagundua ulibakiza hatua moja. Vumilia. Baada ya wiki mbili tatu kengele itakuwa imehamia kichwani na utaanza kuijua dakika moja bila kuangalia saa. Faida nyingine usiyoitarajia ni kwamba swali uliloliacha likakaa dakika kumi, ukilirudia mara nyingi unaliona upya, kwa sababu ile njia mbovu uliyokuwa umeing'ang'ania imekutoka akilini.

Hatua ya 3: mizunguko miwili na vituo vya saa

Kila sehemu ifanye kwa mizunguko miwili. Wa kwanza unapita maswali yote, unajibu yanayojibika na kuacha mengine kwa utaratibu wa dakika moja. Wa pili unarudi kwa yenye alama, ukianza na lile unaloliona karibu zaidi kukubali.

Ili mzunguko wa pili uwepo, wa kwanza lazima ubakize dakika tatu au nne. Saa ya skrini inahesabu kurudi nyuma, kwa hiyo kariri vituo kwa muda uliobaki, si uliotumika:

- Lugha ya kwanza: baada ya swali la 4 zibaki dakika 13, la 8, dakika 8, la 12, dakika 3
- Lugha ya pili: baada ya la 5 zibaki 16, la 10, kama 10, la 15, dakika 3
- Hesabu ya kwanza: baada ya la 4 zibaki 15; la 8, kama 10; la 12, dakika 4
- Hesabu ya pili: baada ya la 5 zibaki kama 19, la 10, dakika 11, la 15, dakika 4

Angalia saa kwenye vituo hivyo tu. Anayeichungulia baada ya kila swali anapoteza umakini, na mwisho anasoma sentensi moja mara tatu. Skrini ina kitufe cha kuificha saa kama inakutia kiwewe.

Ukifika kituo umechelewa kwa dakika moja, usijaribu kuilipa kwa kuharakisha maswali yote yanayofuata. Lipa kwa swali moja: la kwanza litakalokuja la aina iliyo kwenye jalada la daftari lako, bahatisha upite. Deni limekwisha, na mengine unayafanya kwa mwendo wako wa kawaida.

Hatua ya 4: jua maswali yapi yaende mbio

Upande wa Lugha, maswali ya kujaza pengo moja na yale ya kuchagua maneno mawili yanayoipa sentensi maana ileile yanapaswa kwenda kwa sekunde 40 hadi 60. Unalijua neno au hulijui. Kulitazama hakulifanyi ulijue. Muda unaouokoa hapa ndio unaolipia ufahamu. Ya mapengo mawili na matatu yape dakika moja na kidogo, na uanze na pengo unaloliona rahisi, si lazima lile la kwanza.

Yale ya mapengo matatu yana hila: hakuna nusu alama. Kila pengo lina chaguo tatu, kwa hiyo michanganyiko ni 27, na ukikosea moja umekosa yote. Linganisha na swali la kawaida lenye chaguo tano, ambapo kubahatisha kunakupa nafasi moja kati ya tano, na ukiondoa mawili ni moja kati ya tatu. Saa ikibana, anza kubahatisha yenye jibu moja ili yasibaki tupu. Na ukiwa na swali la mapengo matatu ambalo hulielewi hata pengo moja, hilo ni la kwanza kuachwa.

Ufahamu ndio unaokula muda, na kosa la kawaida ni kusoma kifungu mara mbili. Kifungu cha aya moja kisome mara moja kwa mwendo wa wastani, kama dakika moja, ukitafuta mambo mawili: mwandishi anashikilia nini, na hoja inageuka wapi. Majina, miaka na maelezo ya ndani usiyakariri. Swali likiyauliza utajua pa kuyatafuta. Kifungu kirefu chenye maswali kadhaa ukikiacha, kiache pamoja na maswali yake yote, ukirudi ukisome mara moja. Kukisoma, kujibu swali moja, kuondoka, kisha kurudi kukisoma tena ni kulipa nauli mara mbili.

Hesabu mara nyingi huanza na maswali ya kulinganisha Kiasi A na Kiasi B. Majibu yake huwa ni yaleyale manne: A ni kikubwa, B ni kikubwa, viko sawa, au haiwezekani kujua. Yakariri ili usipoteze hata sekunde kuyasoma. Hapa hutakiwi kutafuta jibu, unatakiwa kulinganisha tu, na hapo ndipo waliozoea kukokotoa mpaka mwisho wanapopoteza muda wao.

Angalia: Kiasi A ni asilimia 35 ya 80, Kiasi B ni asilimia 80 ya 35. Anayekokotoa atapata 28 na 28. Anayeangalia ataona ni kuzidisha kulekule kulikogeuzwa, viko sawa, sekunde tano.

Au: bei ya kilo ya samaki changu pale sokoni Kongowea ilipanda kwa asilimia 20, kisha ikashuka kwa asilimia 20. Kiasi A ni bei ya sasa, Kiasi B ni bei ya mwanzo. Usiandike herufi. Sema bei ilikuwa 100, ikapanda hadi 120, asilimia 20 ya 120 ni 24, imebaki 96. B ni kikubwa.

Na: x ni kubwa kuliko sifuri, Kiasi A ni x mara x, Kiasi B ni x. Weka 2, unapata 4 dhidi ya 2. Kabla hujachagua A, weka nusu: robo dhidi ya nusu. Majibu yamepingana, kwa hiyo haiwezekani kujua. Kila ukiona herufi, jaribu namba nzima, sehemu, na kama wameruhusu, sifuri na hasi. Ukizoea, hilo ni zoezi la sekunde 40.

Kikokotoo kipo kwenye skrini, nacho ni mtego mzuri sana. Kila tarakimu unaibonyeza kwa kipanya au kibodi, unakosea, unafuta. Kitumie kwa kuzidisha 347 kwa 68. Asilimia 15 ya 60 ifanye kichwani: sita na tatu, tisa. Kama kichwa kimeshika kutu, tenga dakika kumi kila siku kwa jedwali la kuzidisha, vipeo vya pili hadi 20, na sehemu za kawaida kwa asilimia. Wanaohesabu chenji sokoni kutwa nzima wana faida hapa kuliko wengi wenye shahada.

Maswali ya chati huja kwa mafungu juu ya takwimu zilezile. Soma kichwa cha chati na vipimo vyake kwanza. Kama wameandika kwa maelfu, jibu lako ni la maelfu.

Hatua ya 5: insha isikumalize

Insha unapewa hoja na unatakiwa useme unakubaliana nayo kwa kiasi gani na kwa nini. Mada zote zinazoweza kutoka ETS wamezichapisha kwenye tovuti yao, kwa hiyo hakuna sababu ya kushangaa. Gawa hivi: dakika 4 za kupanga, 21 za kuandika, 5 za kusoma tena. Kama dakika 4 zimekwisha na bado hujaamua upande, chukua upande wowote wenye mifano miwili unayoijua vizuri. Hakuna anayekuuliza unaamini nini.

Tatizo kubwa la insha kwa watu wetu ni vidole. Piga hesabu: anayechapa maneno 20 kwa dakika anahitaji zaidi ya dakika 22 kuandika maneno 450, hata kama mawazo yote yamepangika. Anayechapa 40 anamaliza kwa dakika 11 na kitu, na zilizobaki anafikiri. Jipime leo. Kama uko chini ya 30, fanya mazoezi ya kuchapa dakika 15 kila siku kuanzia wiki ya kwanza. Tumia programu tupu isiyosahihisha herufi, kwa sababu ya mtihani haisahihishi.

Hatua ya 6: ratiba ya mtu mwenye kazi

Wiki nane zinawatosha wengi wenye msingi mzuri wa Kiingereza na hesabu za sekondari. Wiki mbili za kwanza jifunze bila saa kabisa. Kumfukuza mtu kwa saa kwenye jambo asilolijua ni kumzoesha kukosea haraka. Wiki ya tatu hadi ya tano fanya mafungu madogo: maswali sita ya Lugha kwa dakika 9, sita ya Hesabu kwa dakika 10 na nusu, pamoja na zoezi la kengele. Wiki ya sita na saba ni sehemu nzima nzima kwa vituo vya saa, na POWERPREP ya pili. Wiki ya mwisho punguza, ulale.

Kama unafanya kazi bandarini au mjini, saa nzuri ni ile ya baada ya swala ya alfajiri, kabla joto halijapanda na simu hazijaanza. Jioni za Mombasa zina unyevu na kelele zake. Zitumie kusahihisha na kujaza daftari. Foleni ya feri ya Likoni inafaa kwa msamiati tu, kadi kumi kumi kwenye simu. Mazoezi ya saa usiyafanye pale. Mara king'ora, mara msukumano, na takwimu zako zitakudanganya.

Mazoezi kamili fanya saa ileile uliyoweka miadi. Miadi ikisema 2:00 PM ni saa nane mchana, baada ya chakula, wakati ambao wengi wetu tunasinzia. Kama huwezi kuuzoea, weka ya asubuhi. Mtihani ukiangukia Ramadhani na unafunga, ya asubuhi ndiyo salama, daku ikiwa bado iko mwilini.

Hatua ya 7: Nairobi au chumbani kwako

Akaunti yako ya ETS itakuonyesha vituo na tarehe zilizopo. Ukipangiwa Nairobi, safiri siku moja kabla. Treni ya mchana kutoka Miritini inakufikisha ukiwa na nguvu. Basi la usiku linalokushusha alfajiri ya mtihani litakulipisha kwenye sehemu ya tatu, pale macho yanapoanza kusoma bila kuelewa. Jina ulilojiandikishia lilingane herufi kwa herufi na la kitambulisho utakachobeba.

Ukifanyia nyumbani, unatakiwa uwe peke yako chumbani, mlango umefungwa, kiti cha kawaida na meza, kamera imewashwa muda wote. Karatasi ya kawaida hairuhusiwi. Unatumia ubao mdogo mweupe au karatasi iliyo ndani ya plastiki angavu, na kalamu ya kufutika, na hili linagusa muda moja kwa moja: nafasi ni ndogo na kufuta kunachukua sekunde. Fanya mazoezi yote ya mwezi wa mwisho kwa ubao huohuo. Gawa ubao kwa mistari kuwa vyumba sita, swali moja chumba kimoja, ufute vyote kwa pamoja.

Stima ndiyo wasiwasi wa kila mtu. Laptopu iwe na betri inayodumu saa tatu, rauta iwe na UPS ndogo, bando lijazwe jana yake. Waeleze wa nyumbani mapema, kwa upole na kwa msisitizo, kwamba kwa saa tatu hakuna kubisha hodi. Mtu akiingia, msimamizi anaweza kukukatizia mtihani. Dada anayevaa mtandio asome kanuni za mavazi za ETS mapema, asizikute pale kwenye kamera. Sauti ya adhana au honi za tuk-tuk zizoee kwa kufanyia mazoezi chumba hichohicho.

Popote ulipo, nenda msalani kabla ya kuanza. Kituoni unaweza kuomba kutoka, lakini saa haikusubiri. Nyumbani usipange kuinuka kabisa.

Kwa wa GMAT

Tangu mwishoni mwa 2023, GMAT ina sehemu tatu za dakika 45: hesabu maswali 21, lugha 23, na uchambuzi wa data 20. Mpangilio unauchagua mwenyewe, na una mapumziko ya hiari ya dakika 10. Wastani ni kama dakika mbili kwa swali, na kidogo zaidi kwenye data.

Mizunguko miwili haifanyi kazi hapa. Huwezi kuruka: lazima ujibu ndipo lije linalofuata, kwa kuwa kompyuta hupanga ugumu swali baada ya swali. Mwishoni mwa sehemu, muda ukibaki, unaruhusiwa kurudi na kubadilisha majibu yasiyozidi matatu. Na usipomaliza sehemu unaadhibiwa. Basi zoezi la kuacha linahitajika hata zaidi, ila uamuzi unaufanya kwenye dakika ya pili na mara nyingi ni wa moja kwa moja. Weka kando dakika mbili za mwisho kwa yale matatu, na uyawekee alama unapoyapita, vinginevyo utapoteza dakika hizo ukiyatafuta.

Ukimaliza

GRE itakuuliza kama unataka matokeo yapokelewe au yafutwe kabla hujayaona. Pokea. Utaona alama za Lugha na Hesabu palepale, kila moja kati ya 130 na 170. Za insha huja na matokeo rasmi baada ya siku 8 hadi 10. Siku hiyo unaweza kuyatuma kwa vyuo vinne bila malipo ya ziada, kwa hiyo nenda na orodha yako tayari.

Kurudia kunaruhusiwa baada ya siku 21, na mara tano ndani ya miezi 12. Kwa hiyo hesabu ukianzia tarehe ya mwisho ya maombi: rudi nyuma siku 10 za matokeo, rudi siku 21 za kurudia, ongeza wiki moja ya ajali za dunia. Maombi yanayofungwa 15 Desemba yanataka mtihani wa kwanza uwe umekwisha kabla ya wiki ya pili ya Novemba kuanza. Matokeo ni halali kwa miaka mitano, na ukirudia unachagua ni yapi ya kupeleka chuoni.